Slivu ya Tatu

Katika ua wa nyumba yangu ya Tanga, chini ya mwembe ambao mizizi yake imekwisha kuinua sakafu ya baraza, pana doa jeusi la oili ambalo masika zaidi ya arobaini hazikuweza kulifuta, na kila alfajiri nipitapo hapo na birika la kutawadhia mguu wangu hulikwepa, kana kwamba injini ingali imelala pale kifua wazi ikiungoja mkono wangu. Doa hilo ni la mwaka 1982. Zama hizo nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari, kijana wa miaka 34, mwenye mke, watoto wawili, mama mzazi aliyekuwa akiishi nasi na kuugua miguu, na gari moja aina ya Peugeot 404 ambalo nakiri kwamba nililipenda mapenzi makubwa.

Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa Pijo ilikuwa kitu gani katika nchi hizi. Tulipokuwa wanafunzi, mashindano ya magari ya Safari yalifanyika siku za Pasaka, nasi tukikusanyika mbele ya duka lenye redio kusikiliza nani amekwama katika tope na nani amevuka. Na gari la namna hii ndilo lililoshinda mwaka 1963 na tena mwaka 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili yalikuwa magari saba tu yaliyofika mwisho. Na baina ya ushindi huo na huu, mwaka 1966 na 1967, likashinda mikononi mwa Bert Shankland, mkaazi wa Dar es Salaam, jambo lililotufanya sisi watoto wa Tanganyika ya zamani tulihesabu gari hilo kuwa ni la kwetu, ijapokuwa lilizaliwa Ufaransa. Nilipolinunua langu, lililokwisha kutumika miaka mingi katika shamba moja la mkonge, sikununua chombo cha kupandia tu. Nilinunua sauti ile ya redio.

Injini yake, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, imelazwa kwa ubavu kiasi cha digrii 45, mfano wa mtu aliyeegemea mto, na hedi yake imefanywa kwa aluminiamu. Lakini lililo kubwa katika kisa hiki ni kwamba pistoni zake haziendi katika matundu yaliyotobolewa ndani ya chuma cha bloku chenyewe, bali katika mirija minne iliyochomekwa, ambayo mafundi huiita slivu, na maji ya kupozea huizunguka mirija hiyo pande zote. Chini ya kila slivu pana kizibo chembamba kinachoyazuia maji yasiingie katika oili, na juu yake hapana kiikandamizacho isipokuwa hedi yenyewe inapokazwa. Hedi ikiondolewa, slivu imeketi tu mahali pake, haikufungwa na chochote, na lau pistoni itapanda huku hapana kinachoizuia, itaivuta pamoja nayo, japo kwa unene wa unywele, na kile kizibo cha chini kitakuwa kimehama mahali ambapo jicho haliwezi kukifuata. Nimeyaeleza haya mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilielezwa mapema, kwa lugha iliyo wazi, na mtu aliyejua. Na kuelezwa kwangu ndiko kulikonifanya niwe na lawama.

Mwezi wa Februari mwaka ule tulikwenda Lushoto kwa ndugu zake mke wangu. Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto si ndefu, haizidi sana kilomita 30, lakini inapanda na kujipinda katika mabega ya milima ya Usambara kana kwamba haina haja ya kufika. Kabla ya Soni sindano ya joto ilikuwa imekwisha kugota mwisho wake, nami, badala ya kusimama na kuiacha injini ipoe kwa muda iliouhitaji, nilisema moyoni kwamba maporomoko ya maji ya Soni yako karibu na huko tutapumzika. Na tulipofika, mvuke ukitoka kila upande, nilichota maji baridi ya mto nikayamimina katika rejeta huku chuma kingali kinawaka. Aluminiamu ni laini na hukunjamana upesi ikipozwa kwa ghafula. Tulirudi Tanga siku ya pili mwendo wa kobe, tukiacha nyuma yetu moshi mweupe wenye harufu ya maji yaliyoungua, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikakiona kimepakwa kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa iliyolala, nilijua bila ya kuambiwa na mtu kwamba gasketi ya hedi imeungua na maji na oili vimekwisha kuonana.

Kwa nini nisilipeleke gereji? Nimeulizwa swali hilo na wanangu mara nyingi, na jawabu lake lina sehemu mbili, moja ya haki na moja ya kiburi. Ya haki ni kwamba nchi ilikuwa katika dhiki kuu: vita vya Uganda vilikuwa vimemalizika mwaka 1979 na kutuachia madeni, fedha za kigeni zilikuwa adimu, sabuni na sukari zilitafutwa kwa foleni, na vipuri vya magari vilitafutwa kwa dua. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa tena hata Novemba 1983, kwa hiyo Mombasa, ambayo watu wa Tanga tangu enzi za mababu tulikuwa tukiiendea kama mtu aendavyo chumba cha pili cha nyumba yake, ilikuwa mbali nasi kuliko Ulaya. Gereji niliyoiendea ilinitajia ujira uliopita mishahara yangu ya miezi kadhaa, na gasketi nitafute mwenyewe. Sehemu ya kiburi ni kwamba nilikuwa mtu wa vitabu, ninacho kitabu cha ufundi cha gari lile chenye picha nzuri, na niliamini kwamba jambo lililoandikwa kwa ufasaha limekwisha kufanyika nusu yake.

Jirani yetu wa upande wa pili wa barabara alikuwa mzee aliyestaafu katika karakana ya reli. Simtaji jina, kwa maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Mtaa mzima wa Ngamiani ulimwita Mzee Fundi, nasi tuliridhika. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, ambaye vidole vyake vya gumba vilikuwa bapa kama vijiko kwa miaka mingi ya kupapasa vyuma, na alikuwa na desturi ya kukigusa kitu kabla ya kukitazama. Nilimwendea jioni moja barazani kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwalimu. Nimeusikia moshi wako kabla sijakuona."

Nilimweleza azma yangu. Hakunikataza. Alinyamaza kitambo, kisha akanipa masharti, nami niliyasikiliza kwa adabu, bali sasa najua kwamba kusikiliza kwa adabu si kusikiliza kwa moyo. Alisema boliti za hedi hufunguliwa injini ikiwa baridi kabisa, kuanzia za pembeni kwenda za kati, robo kwa robo, ili hedi isipinde inapoachiliwa. Alisema vijiti vinavyosukuma valvu vipangwe katika ubao wenye matundu yaliyotiwa namba, kila kimoja kirudi kwa mwenzake kilichozoeana naye. Alisema hedi ikishikamana isiinuliwe moja kwa moja, wala isichokonolewe kwa bisibisi; itikiswe kwanza upande na upande, kama mtu amtikisavyo mtoto aliyelala, mpaka iachane na slivu kwa ridhaa. "Na ikishatoka," akasema, "kabla hujanywa hata maji, uzifunge slivu kwa boliti na vipande vya bomba. Vipande hivyo ninavyo, lakini viko stoo, nami kesho nasafiri Pangani mazikoni. Nitarudi Jumanne. Usiitoe hedi mpaka nirudi. Na injini isizunguke, mwalimu. Isizunguke hata mara moja."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumapili. Miaka ile, kwa ajili ya kuokoa petroli, magari ya binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana, na mitaa yote ilinyamaza kwa namna ambayo vijana wa leo hawawezi kuidhani. Ukimya ule ulinivuta kwenda kazini. Nilianza kwa nia njema ya kulegeza boliti tu. Boliti ya mwisho kabisa, upande wa kioo cha mbele, ilikuwa imeshikwa na kutu ya miaka, nami niliishughulikia kwa mafuta ya taa na subira hadi baada ya alasiri, nikiigonga kichwa kwa nyundo ndogo, nikiikaza kidogo kabla ya kuilegeza, nikiinyesheza tena na kungoja. Ilipokubali kwa mlio mkali ulioniingia katika meno, nilijaa furaha ambayo sijui niilinganishe na nini. Hapo ndipo furaha ilipogeuka kuwa hadaa, kwa kuwa mtu aliyeshinda jambo gumu hudhani kwamba amepewa idhini ya jambo linalofuata. Niliitikisa hedi kama nilivyoagizwa, ikaachana kwa upole, nikaibeba mikononi kama sinia ya arusi hadi juu ya meza. Jioni ilikuwa nzuri. Slivu nne zilikuwa zinang'aa mbele yangu, na hapana hata moja iliyofungwa.

Mvua ya masika ya Tanga haipigi hodi. Ilitoka upande wa bahari, ikapita juu ya Raskazone na minazi yake, na kabla sijatafuta turubai matone makubwa yalikuwa yakilia juu ya boneti. Injini iliyo wazi ikiingiwa na maji ya mvua ni hasara juu ya hasara, kwa hiyo nilimwita mke wangu na vijana wawili waliokuwa wakipita, nikayaondoa mawe chini ya magurudumu, tukalisukuma gari kuelekea kipenu cha jikoni. Lilikuwa zito. Uzito ule niliudhania wa tope. Tulikuwa tumekwenda hatua mbili, labda tatu, niliposikia mlio mdogo, kama wa kizibo cha chupa kinapovutwa, na palepale nikakumbuka kwamba, kwa sababu breki ya mkono ilikuwa dhaifu, nililiacha gari na gia ya kwanza imeingia. Gari zima hufunga gia likasimama. Gari lisilo na hedi halina shindikizo la hewa la kulizuia, na injini yake hukubali kuzungushwa na magurudumu bila ya kulalamika sana. Niliitoa gia, tukalifikisha kipenuni, vijana wakashukuriwa wakaenda zao. Nilileta taa ya kandili nikainamia injini. Slivu ya tatu ilikuwa imepanda kidogo kuliko wenzake.

Niliweka kipande cha mbao juu yake nikaibonyeza kwa viganja vyote viwili, nayo ikashuka bila ya taabu. Ikawa sawa, au machoni pangu katika mwanga ule ikawa sawa. Nikaifunika kwa shuka. Mke wangu aliniuliza, "Kuna nini?" Nikamjibu, "Hapana kitu."

Mzee Fundi alirudi Jumanne. Alipoiona hedi juu ya meza uso wake haukubadilika, na alileta vipande vyake vya bomba, tukazifunga slivu pamoja. Kisha alipitisha kidole gumba juu ya midomo ya slivu zote nne, polepole, moja baada ya moja, akarudi kwenye ile ya tatu, akakaa hapo. Akaniuliza bila ya kuniangalia, "Hapajatikisika kitu, mwalimu?"

"Hapana, Mzee."

"Basi," akasema, akafuta mkono.

Neno "hapana" ni jepesi, hutoka lenyewe. Na nimelichunguza neno langu hilo kwa miaka mingi ili nijue lilitoka wapi, kwa maana sikuwa mtu wa uongo, na wanafunzi wangu niliwaadhibu kwa uongo mdogo kuliko huo. Nadhani lilitoka katika haya. Niliona haya kwamba nimevunja masharti mawili ya mtu mzima katika alasiri moja, na nikajihesabia kwamba slivu imerudi, hasara haijaonekana, na hitilafu isiyoonekana haina haja ya kutajwa. Walakini chuma hakijui haya za watu. Kizibo kilichokunjika chini ya slivu ya tatu kilibaki kimekunjika, ilhali juu yake sisi wawili tuliendelea kuzungumza kwa heshima.

Gasketi alinipatia mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini Dar es Salaam, baada ya kuizungukia Kariakoo zaidi ya miezi miwili. Aliileta kwa basi imelazwa baina ya mikeka miwili ili isipinde, akiwa ameipakata njia nzima. Muda wote huo hedi ilikuwa imepelekwa kusawazishwa uso kwa mashine, kwa kuwa tulipoweka rula ya chuma juu yake mwanga ulipenya katikati. Ilipofika siku ya kufunga, Mzee alikaa juu ya kigoda akiniachia nifanye mwenyewe. Nilizikaza boliti kwa spana ya kipimo tuliyoiazima, safari hii kutoka katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu. Nikaseti tapeti kama kitabu kilivyosema, valvu za kuingizia milimita 0.10 na za kutolea moshi milimita 0.25, injini ikiwa baridi. Tulipowasha, injini ilipiga chafya kwa kinywa cha kabureta na kukataa, na saa mbili zilipita kabla ya kugundua kwamba katika gari hili silinda ya kwanza si ile iliyo karibu na rejeta, kama nilivyozoea kuona katika magari mengine, bali ile iliyo upande wa fulaiwili na klachi, na mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu nyaya za plagi kutoka mwisho usio wake. Kosa hilo nililisema kwa sauti kubwa, nikacheka, naye akacheka. Tazama jinsi ilivyo rahisi kulikiri kosa lisilokuwa na aibu ndani yake.

Ikawaka. Jirani mmoja akapiga kigelegele, mama yangu akatoka chumbani akijishikilia mlangoni, na kesho yake nilimpeleka hospitali ya Bombo, ambako kwa miezi kadhaa alikuwa akipelekwa juu ya baiskeli ya watu, na barabarani aliniwekea mkono begani mwangu asiuondoe mpaka tulipofika. Mkono huo niliusikia uzito wake. Kwa muda wa siku kumi na sita nilikuwa mtu mwenye furaha ambayo ndani yake mna kijiwe.

Siku ya kumi na saba maji ya rejeta yalikuwa yamepungua. Niliyaongeza nisiseme kitu. Siku ya ishirini nilichomoa kijiti cha oili nikaiona tena rangi ile. Usiku, watu walipolala, niliingia uvunguni mwa gari na kandili, nikalegeza nati ya chini ya sampu kwa uangalifu, kwa maana maji ni mazito kuliko oili na gari likisimama usiku hutuama chini. Yakatoka maji, kama glasi nzima, meupe, ndipo oili ikafuata. Nilikaa pale chini nimeegemea gurudumu kwa muda mrefu. Gasketi ya juu ilikuwa mpya na hedi ilikuwa imenyooka. Palikuwa na njia moja tu ya maji kufika pale, nami nilikuwa naijua njia hiyo tangu Jumapili ya mvua.

Nilikwenda barazani kwa Mzee baada ya sala ya Isha ya siku iliyofuata. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilipoketi yaliniponyoka yote, nikasema tu, "Mzee, ile slivu ya tatu ilipanda. Nilisukuma gari likiwa na gia. Uliniuliza, nami nikakuficha."

Alikaa kimya akichezea tasbihi yake. Paka alipita. Kisha akasema, "Nilijua, mwanangu. Kidole kiliniambia. Lakini ulipokuwa umesema hapana, niliusadiki ulimi wako kuliko kidole changu."

Sijapata kuambiwa neno zito kuliko hilo, na aliyelisema hakulisema kwa hasira. Mtu yule alikuwa amekitumainia kidole hicho maisha yake yote ya kazi, katika karakana ambamo kosa la unene wa karatasi huweza kumuua mtu. Na kwa ajili ya neno langu moja alikiacha. Ningalimwibia spana zake zote, ningeliweza kumnunulia nyingine. Nilipoinuka kuaga, yeye ndiye aliyenituliza: "Kesho tuifungue. Gari si gumu. Limetueleza lilikoumia."

Kufungua mara ya pili kulikuwa jambo la siku moja, maadamu boliti zote zilikuwa mpya katika mazoea ya kufunguka. Tuliitoa slivu ya tatu, na kizibo chake kilikuwa vile vile nilivyokiona katika fikira zangu kwa usiku mwingi: kimekunjika upande mmoja, kimekatika kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho. Mzee alikiweka juu ya kiganja changu, akafunga vidole vyangu juu yake, asiseme kitu. Vizibo vipya tulivipata katika shamba la mkonge lilikotoka gari, kwa fundi wa pale aliyehifadhi vichache katika kopo la maziwa. Gasketi ya hedi ndiyo iliyokuwa muhali, kwa sababu gasketi iliyokwisha kubanwa na kuchemka haitumiki tena, na fedha sikuwa nazo. Ilinibidi nimweleze mke wangu kwa nini kazi iliyokwisha inaanza upya, na kwa hiyo nikalitengua na lile "hapana kitu" nililomjibu mvuani. Alikuwa ameketi kwenye cherehani akishona sare za watoto wa shule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza ilikuwa jioni ipi, nikamwambia, akasema, "Niliusikia ule mlio. Nilidhani ni mguu wa mtoto katika tope." Alinyamaza. Baada ya siku mbili aliniletea fedha zilizofungwa katika pembe ya kanga, akiba yake ya sare za muhula mzima, na hakuniambia chochote nami sikuthubutu kumshukuru kwa maneno. Gasketi ya pili ilikuja Januari.

Safari hii Mzee aliniletea daftari la shule, la kurasa 80, akasema kila gari katika karakana ya reli lilikuwa na kitabu chake, na fundi aliandika humo kilichofanyika, kwa mkono wake, pamoja na kilichofanyika vibaya, ili atakayelifungua baada yake asidanganywe na ubora wa rangi. Ukurasa wa kwanza niliandika mbele yake. Niliandika tarehe, mvua, gia ya kwanza, slivu ya tatu kutoka fulaiwili, na jibu nililompa. Alinitaka nilisome kwa sauti. Nikalisoma. Akaitia spana mkononi mwangu, tukaanza.

Gari lile lilitutumikia miaka tisa zaidi. Mzee alifariki wakati wa mvua za vuli, na nilikuwa miongoni mwa waliomwingiza kaburini. Nilipoushika mkono wake siku moja kabla hajafariki, kidole gumba chake kilipapasa kiganja changu kama kilivyopapasa vyuma, nami nikakiacha kipapase. Gari nililiuza kwa fundi wa Korogwe pamoja na daftari lake, lakini ukurasa ule wa kwanza niliunakili kabla ya kumpa, na nakala hiyo iko katika sanduku moja na vyeti vyangu vya ualimu.

Mwanangu wa pili ana gari lake sasa, la Kijapani, lenye nyaya nyingi kuliko nijuavyo, na ni fundi wa kujifunza mwenyewe, mwenye haraka kama nilivyokuwa. Mwezi wa Ramadhani uliopita alikuwa akilishughulikia chini ya mwembe ule ule, pembeni mwa lile doa, na mimi nikiwa ndani nikingojea adhana ya magharibi. Nilisikia kitu kikianguka, kisha kimya kirefu. Akaja mlangoni, mikono yake myeusi ameiweka mbali na kanzu, akasimama bila ya kuvuka kizingiti.

"Baba," akasema, "kuna jambo nimelifanya, na bado hapana aliyeliona."

Nilichukua tochi iliyokuwa juu ya kabati, nikatafuta makubazi yangu, tukatoka pamoja.